Mbegu ipi ya mahindi ununue Pwani ukipanga kuvuna kwa mashine

Wengi wetu wa Mombasa tuna mashamba nje ya mji, Kwale au Kilifi, na mvua ya mwaka ikikaribia swali dukani huwa moja: ipi inazaa zaidi? Ukiwa unakusudia kukodi kombaini, anza na lingine. Bua litakuwa limesimama siku mashine itakapofika? Maana mashine ya kukodi haiji siku uliyoahidiwa. Msimu mmoja tuliisubiri wiki mbili mahindi yakiwa yameshakauka. Kusi likavuma, mahindi marefu yakalala, na kombaini ikapita juu yake. Tuliokota kwa mikono, tukalipa vibarua na mashine pia.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu ni PH1, chotara (mbegu ya kuchanganya aina tofauti) ya Pwani iliyotolewa 1989. Ni fupi, haianguki ovyo, na hukomaa kati ya miezi mitatu na minne. Kwa kuwa ni chotara, mimea hulingana kimo na mahindi hukauka karibu pamoja, jambo ambalo mashine inalitaka kuliko kitu chochote. Maganda yake hufunika hindi vizuri, kwa hiyo ndege na fukusi hupata tabu. Upande wa pili, maganda yaliyobana huchelewesha punje kukauka, basi usiiite mashine kwa kuangalia majani tu. Kombaini hupukuchua vizuri unyevu ukiwa asilimia 18 hadi 25, lakini ghalani hayaingii mpaka yashuke 13.5. Kwa hewa yetu ya bahari, pengo hilo ndilo linaloleta kuvu na aflatoksini, sumu ya kuvu hiyo. Yaanike kwenye turubai siku hiyo hiyo. Kesho ni kuchelewa.

Inayofuata ni PH4, ya 1995. Wakulima huisifu kwa mazao, na kama una hakika mashine yako itafika kwa siku yake, ichukue bila wasiwasi. Mimi sina hakika hiyo, ndiyo maana nimeiweka ya pili.

Coast Composite, ya 1974, naiweka ya tatu. Si chotara, kwa hiyo unaweza kuhifadhi mbegu yako mwenyewe, na kwa mwenye pesa chache hilo ni jambo kubwa. Ila vimo havilingani na huchukua muda mrefu zaidi shambani. Mdzihana ya wazee wetu naipenda kwa ugali, lakini ni ndefu: ipande pembeni uivune kwa mkono.

Usishawishike na 614. Ni mbegu ya nyanda za juu, kuanzia mita 1,500. Huku tuko usawa wa bahari.

Dukani, kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, na utume namba yake kwa ujumbe kwenda 1393 kabla ya kutoa pesa. Muuzaji mwaminifu hatakukasirikia.

Kabla ya kupanda, muulize mwenye kombaini nafasi ya mistari mdomo wake unayotaka. Mara nyingi ni sentimita 75. Na kama shamba lina minazi au mikorosho katikati, au umechanganya na muhogo, mashine haitaingia, hata mbegu iwe nzuri vipi.