Mwanjelwa: omba togwa ya ndoo ya bluu

Kibanda chenyewe hakina jina wala bango. Ukifika Soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, uliza anapokaa mama wa togwa, kile kinywaji cha uji uliochachuka, upande wa mitumba, utaonyeshwa. Ana benchi moja, meza yenye kitambaa cha plastiki, na ndoo mbili zenye vifuniko: nyeupe na ya bluu. Nimekunywa pale karibu kila siku ya kazi tangu mwezi wa tatu.

Naendesha bajaji, kijiwe changu ni Kabwe. Kwa miaka mingi nilikuwa nakunywa kola saa tano na maandazi mawili, halafu nyingine saa kumi macho yakianza kuwa mazito. Mwezi wa pili nilipima sukari kabla ya kula, kipimo kikasoma 6.4. Daktari akaniambia kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo sijafika, ila nipo mlangoni. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huo, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba kwenda msalani. Siku ile niliegesha bajaji nikakaa tu.

Nikahamia kwenye juisi. Parachichi, pesheni, matunda ya Rungwe haya haya tunayojivunia, nikajua nimepona. Mpaka nilipokaa karibu na mtengenezaji nikaona sukari inamiminwa kwenye jagi kwa kikombe. Kola ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ndiyo bora zaidi. Na hata sukari ya juisi ya tunda lenyewe huhesabiwa humo. Mimi kwa chupa zangu mbili za kola tu nilikuwa nimeshapita 70.

Maji peke yake yalinishinda. Si kwa ladha, kwa njaa. Dereva aliyeshiba maji anapita mbele ya kikaango cha chipsi na mikono inatetemeka. Togwa inakaa tumboni, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuisifu.

Mama huyu anaipika jioni. Anapika uji wa mahindi, anauacha upoe hadi kidole kivumilie, ndipo anachanganya kimea cha ulezi: ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Kimea ndicho chenye kazi. Kinavunja wanga wa uji, na uji mzito unalegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila kutiwa kitu. Ukilala hadi asubuhi unaanza kuchachuka. Kimea anakisaga mwenyewe, na unakijua kwa harufu yake, kama mkate unaotoka motoni.

Ladha ya ndoo ya bluu: uchachu kwanza, utamu unafuata kwa mbali, na punje laini za ulezi zinabaki kwenye ulimi. Wiki ya kwanza sikuipenda. Ulimi uliozoea kola unaiona kama maziwa yaliyoharibika. Wiki ya tatu nilionja soda ya abiria mmoja, ikanikwama kooni kwa utamu.

Sasa kasoro, maana zipo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mbeya ikikaza, togwa haichachuki vizuri usiku mmoja. Anafunika ndoo kwa blanketi na kuiweka karibu na jiko, lakini kuna asubuhi inatoka tamu tupu, kama uji. Siku hizo mimi nakunywa glasi ndogo. Pia glasi zake ni sita tu na anazisuuza kwenye beseni moja. Nilimwambia, sasa anabadilisha maji mara nyingi zaidi, ila nenda na kikombe chako. Na ikifika saa tisa mchana bluu imekwisha.

Ndoo nyeupe ndiyo ya kuikwepa ukiwa na shida kama yangu. Ina sukari ya dukani. Siku moja nilipewa hiyo kwa haraka za wateja, nikaitambua kwa funda la kwanza, nikalalamika. Hakukasirika. “Mwanangu, wengine wakikosa utamu wanarudi kwenye soda, ndiyo maana naweka,” akasema, kisha akanijazia ya bluu bila kunidai. Tangu hapo nikitokea tu mkono wake unakwenda kwenye bluu. Namwambia ndaga fijo, yaani asante sana, anacheka, maana Kinyakyusa changu kinaishia hapo.

Nusu lita nalipa 500. Soda nilikuwa nalipa 700, na baada ya saa moja natafuta cha kula.

Mwenye kisukari tayari asiichukue kama maji. Wanga uliovunjwa na kimea nao ni sukari, kwa hiyo glasi moja, na aongee na daktari wake. Mimi nilipima tena mwishoni mwa mwezi wa saba, ikasoma 5.7. Maandazi nayo nimeyaacha, siwezi kuipa togwa sifa yote. Saa kumi sasa nakunywa chai ya mchaichai isiyo na sukari, kutoka kwenye chupa anayonijazia mke wangu asubuhi.

Nenda kabla ya saa saba. Ukitaka kubeba, beba chupa pana na usikaze kifuniko: togwa inaendelea kuchachuka njiani, hasa jua likiwaka. Yangu ilifyatuka nikiwa mlima wa Iwambi, na abiria aliyekuwa na suti nilimfulia mwenyewe.