Uzoefu wangu na chati ya sarufi ya Kiingereza niliyomnunulia binti yangu

Binti yangu yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Anasoma kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu. Lakini akifika kidato cha kwanza, hesabu, biolojia na jiografia vyote vinageuka Kiingereza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo nilipoikuta chati hii kwenye duka la vifaa vya shule Kariakoo, ikiwa na kijitabu chake cha mazoezi kwa shilingi 12,000, sikusita.

Kabla ya hapo alikuwa anaimba "A noun is a name of a person, place or thing" bila kukosea hata neno. Nikamwandikia "The cat is sleeping", nikamuuliza noun ni ipi. Akanionyesha "sleeping". Wimbo anao, maana hana.

Chati imemsaidia kwa sababu kila istilahi imewekwa pamoja na ndugu yake wa Kiswahili: noun ni nomino, verb ni kitenzi, adjective ni kivumishi, pronoun ni kiwakilishi. Vitu hivi anavijua tayari, kafundishwa kwenye Kiswahili. Alipoona kwamba "cat" ni nomino kama "paka", akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kuzunguka nyumba: "Mama, kijiko nomino! Kula kitenzi!" Wiki mbili tu, maneno manne hayo yakawa yake.

Nimependa zaidi sehemu inayoonyesha lugha hizi zinapoachana. Sisi tuna "yeye" mmoja tu, wao wana "he" na "she". Binti yangu aliandika "My mother, he is cooking", na mimi nimesimama pale jikoni! Hakukosea kwa uzembe, ni Kiswahili chake kinachozungumza. Vilevile kwetu kivumishi kinafuata nomino na kinapatana nayo: mtoto mzuri, watoto wazuri. Yeye akaandika "goods children". Chati ina picha ya mtoto mmoja na ya watoto watatu, chini yake "good child, good children", na neno "good" limezungushiwa duara jekundu kote kuwili. Hakurudia kosa lile.

Palipoharibika ni kwenye "s". Chati inasema s huonyesha wingi: book, books. Mistari michache chini yake inaandika "She reads", bila neno la maelezo. Binti akaniuliza, "Mama, si s ni wingi? Mbona huyu ni mmoja?" Swali la haki kabisa. Jioni ile nilikaa naye nikamwambia aangalie "anasoma": ile "a" ya mwanzo ndiyo inayotuambia ni yeye, siyo mimi. Kwenye Kiingereza cha wakati uliopo, kitenzi kinachofuata "he", "she" au "it" huwekewa alama mkiani, ndiyo hiyo s. Akaelewa. Lakini mzazi ambaye Kiingereza kinampiga chenga angejibu nini? Mistari miwili ya maelezo ingetosha, na nafasi ipo, maana pembeni wamejaza maua.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu ni la kufundisha uongo. Imeandikwa kwamba "an" hutumika kabla ya a, e, i, o, u. Sivyo. Kinachoangaliwa ni sauti, siyo herufi. Tunasema "an hour" kwa kuwa h haitamkwi, na "a university" kwa kuwa neno linaanza kwa sauti ya y, kama "yule". Binti aliandika "an uniform" kwenye zoezi la shule, akawekewa alama ya kosa, akarudi analia kwamba chati ndiyo iliyosema.

Kijitabu hakina mengi ya kusema. Mazoezi ni mafupi, majibu yako nyuma, karatasi nyepesi inapenya wino.

Chati yenyewe bado iko ukutani juu ya meza yake na ningeinunua tena, ila mzazi aisome yote kwanza kabla ya kuibandika. Kile kisanduku cha "an" nimekifunika kwa karatasi nyeupe. Nimeandika "an hour, a university", na chini yake binti ameongeza kwa kalamu ya bluu: "a uniform".