Waridi hafifu ukutani: uliza nyekundu iliyomo kabla ya kulipa

Malalamiko kuhusu rangi ya waridi hafifu hufanana. Ukuta umepigwa mikono miwili, umependeza, kisha siku moja picha inaondolewa na nyuma yake kuna mraba wa waridi safi, huku ukuta mwingine umepauka kama maziwa. Lawama humwangukia fundi, na mara nyingi hana kosa.

Waridi hafifu ni nyeupe iliyotiwa tone la nyekundu, basi. Nyekundu ikichujuka, unabaki na nyeupe. Na nyekundu si moja. Ipo oksidi ya chuma, ile ile inayoupa udongo wekundu wake: hailiwi na jua wala haijali ukali wa saruji. Zipo pia nyekundu kali za viwandani, na baadhi yake, zikishazimuliwa kwa nyeupe nyingi, huliwa na jua la dirishani. Lipu mbichi, yenye pH (kipimo cha ukali wa alkali) ya 12 hadi 13, huziunguza hata gizani na kuacha mabaka. Kwa hiyo usimwulize muuzaji kama rangi inadumu, atasema inadumu. Omba karatasi ya fomula itokayo kwenye mashine ya kuchanganyia, uone kama oksidi nyekundu imo na ni kiasi gani. Waridi la peremende halitoki kwenye oksidi. Ukilitaka hilo, lipeleke ukuta usiopigwa jua.

Namba moja kwangu, bila kificho, ni Setting Plaster ya kampuni ya rangi ya Uingereza, Farrow & Ball, namba 231. Ni waridi la vumbi, lenye jina la lipu inayokauka, na umanjano wake kidogo hulizuia lisigeuke zambarau jioni. Huuzwa kwa aina kadhaa za umaliziaji: chukua Modern Emulsion, yenye mng'ao wa 7%, maana inafutika. Estate Emulsion, ya 2%, inavutia zaidi, lakini mkono wa mtoto ukipita hapo alama haitoki. Bei yake inauma, sitetei.

Ya pili ni First Light 2102-70 ya Benjamin Moore, kampuni ya rangi ya Marekani, iliyoiteua kuwa rangi yao ya mwaka 2020. Ni jepesi na la ubaridi. Taa nyeupe za ubaridi (kelvin 6500) hulivuta kuelekea zambarau, za manjano (kelvin 2700) hulituliza.

Ya tatu ni nakala: duka linapima kadi ya kampuni nyingine na kuichanganya kwenye kopo lake. "Ni ile ile tu," utaambiwa. Si ile ile! Mashine imelinganisha rangi kwa mwanga wake, kwa vikolezo vingine vya rangi. Washa taa ya nyumbani uone zinavyoachana. Kinachokera ni kutozwa karibu bei ya halisi.

Rangi za unga za kukoroga na maji hupakaza nguo. Ziishie stoo.

Lita moja hufunika takriban mita 12 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo kuta za mita 40 kwa mikono miwili zinataka lita 7. Nunua zote siku moja, zimimine ndoo moja, ukoroge. Tofauti ya tone moja kati ya makopo huonekana ukutani. Lipu mpya ipe wiki nne na praima inayostahimili alkali. Kuta za waridi zinazotazamana huongezeana wekundu, kwa hiyo chagua kivuli kimoja chepesi kuliko kile ulichokipenda kwenye kadi. Karatasi ya fomula ibandike ubavuni mwa kopo, si kwenye mfuniko. Mfuniko ndio hupotea kwanza.