Ziara ya kiwanda cha antimata CERN: nyota 5, na hulipi kitu

Ukiwa Geneva panda tramu namba 18 mpaka mwisho wa njia, ndo CERN hapo, ile maabara kubwa ya fizikia ya chembe. Kiingilio hakuna, ziara ya kuongozwa nayo bure, ila Jumatatu Science Gateway, kituo chao cha wageni, wanafunga. Wahi asubuhi ujiandikishe, na omba kundi lenu lipelekwe kwenye antimata (pacha wa mata ya kawaida mwenye chaji kinyume, wakigusana wanateketeana) maana sio wote wanafika huko.

Watu wakifika wanauliza antimata inatengenezwaje. Hilo limeshazoeleka pale, protoni zinapigwa kwenye kipande cha iridiamu zinatoka antiprotoni (protoni za antimata) halafu mashine ya AD inazipunguza kasi, iko kazini tangu 2000. Mi nawashauri muulize kuhusu mtego, hapo ndo kuna kazi. Antimata ikigusa ukuta tu imeisha, kwa hiyo lazima ielee kwenye utupu, na ile yenye chaji sumaku inaibana pembeni na umeme unaiziba huku na huku. Jamaa wa ALPHA, jaribio la hapohapo CERN, walitangaza 2011 wameshikilia atomu za antihaidrojeni (haidrojeni ya antimata, haina chaji kwa hiyo inashikwa na sumaku tu) kwa sekunde 1,000, aisee zaidi ya dakika 16!

Swali tamu kuliko yote ni hili: elektroni na positroni (elektroni za antimata) kwenye chombo kimoja, yaani plazma ya jozi, gesi ya chembe zenye chaji, inashikwaje? Mtego wa kawaida unakwama, kwa sababu ule umeme unaozuia chaji chanya zisitoke ndo huohuo unaozivuta hasi zitoke. Ndo maana mradi wa APEX kule Ujerumani, wa taasisi ya Max Planck ya fizikia ya plazma, wanatumia sumaku yenye uga kama wa dunia yetu, huo haubagui chaji, na positroni peke yake zilishakaa humo zaidi ya sekunde moja. CERN nao hawajalala, 2024 timu ya Fireball ilitoa matokeo, protoni zenye nishati ya GeV 440 kutoka SPS, mashine yao ya kuongeza kasi, zilipigwa kwenye grafaiti na tantali zikatoka jozi zaidi ya trilioni 10 kwa mpigo, ila hizo ni miale inayopita tu, hazijafungwa popote. Kwa hiyo CERN jozi ziko nyingi hazikai, Ujerumani positroni zinakaa ila chache, na plazma kama hii inaaminika kuwepo kwenye pulsa (nyota ndogo nzito zinazozunguka kwa kasi) na miale ya mashimo meusi, sehemu ambazo hakuna chombo chetu kitakachofika. Mi nalifuatilia hili kwa moyo wote kwa kweli.

Waongozaji wengi wanafanya kazi humohumo CERN, we uliza mpaka uridhike.