Madaraka Express kwenda kuwaona jamaa Mombasa: uzoefu wangu, kuanzia tiketi hadi mlangoni Mji wa Kale

Kwa anayeishi Nairobi na ana wazee Mombasa, Madaraka Express, treni ya abiria ya reli ya kisasa (SGR), ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita. Takriban kilomita 480 kwa saa tano au sita, umekaa, choo kiko mwisho wa behewa, watoto wanaweza kusimama na kunyoosha miguu. Ugumu wa safari hii hauko njiani, uko ncha mbili. Treni inaanzia Syokimau na kuishia Miritini, na zote mbili ziko mbali na mji. Ndiyo maana nasema usichague treni kwa saa ya kuondoka. Chagua kwa saa utakayopiga hodi kwa wenyeji wako.

Treni ni tatu kwa siku kila upande. Ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya kati: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Inakufikisha Miritini kama saa nane mchana, jua likiwa kali, na hadi uingie Mji wa Kale chakula cha mchana kimeshaliwa. Hata hivyo, hii ndiyo ya kupanda ukiwa na watoto, maana unaipita Tsavo mchana kweupe na tembo huonekana toka dirishani. Ya saa tisa alasiri inafika baada ya saa mbili usiku: jua limezama, nyumba ziko macho, barazani bado kuna watu. Kwa kutembelea jamaa hii ndiyo bora. Ya saa nne usiku inafika alfajiri, kama saa kumi hivi, na hapo ndipo wengi hukwama. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni za ghorofa, familia inalala juu, na mlango mzito wa mbao umefungwa kwa ndani. Utabisha hadi vidole viume na hakuna atakayesikia. Ukipanda treni hiyo, hakikisha kuna mtu aliyelala na simu yenye mlio kichwani pake, na mwambie tarehe ya kufika, si ya kuondoka, la sivyo atakungoja usiku usio wako.

Wakati wa Ramadhani, treni ya saa tisa inakukuta Magharibi ukiwa njiani. Beba tende, maji na kitu chepesi mkononi, si kwenye begi la juu, maana saa hiyo kila mtu anasimama kushusha mzigo wake kwa pamoja. Futari ya kweli utaikuta nyumbani imefunikwa.

Nauli ya daraja la kawaida, Nairobi hadi Mombasa, ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na daraja la kwanza ni 4,500. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anapakatwa bure. Wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu, na ni vyema kubeba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa. Tiketi unakata kwa simu kupitia *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli. Unachagua treni, tarehe, daraja na idadi ya watu, unaandika jina na nambari ya kitambulisho cha kila msafiri, kisha unalipa kwa M-Pesa papo hapo. Ukichelewa kulipa, nafasi inarudi kwa wengine. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si lile mnaloitana nyumbani, kwa sababu langoni wanalinganisha herufi. Tiketi ya dada yako huwezi kuisafiria. Sikukuu za Idd, Desemba na wiki za kufunga shule, nafasi huisha mapema sana, kwa hiyo kata ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda.

Ujumbe wa simu peke yake hautoshi. Tiketi lazima ichapishwe kituoni, kwenye mashine au dirishani. Fika Syokimau angalau saa moja kabla ya treni, na msimu wa sikukuu ongeza nusu saa. Foleni inakwenda hivi: unaweka mizigo chini kwa mstari mmoja, wenyewe mnarudi nyuma, mbwa anapitishwa akinusa begi moja baada ya jingine. Kisha mizigo inaingia kwenye mashine ya kukagua, wewe unapapaswa, unaonyesha tiketi na kitambulisho. Ndani ya jengo kuna ukaguzi mwingine. Kila hatua si ndefu, ila zikijumlishwa zinakula muda. Visu havipiti, hata kisu kipya cha jikoni cha kumpelekea shangazi. Pombe, mafuta ya taa na mtungi wa gesi ni vivyo hivyo.

Kufika Syokimau kutoka katikati ya jiji, panda treni ya abiria inayotoka stesheni kuu ya Nairobi kuunganisha na SGR. Matatu ni rahisi kupatikana, lakini foleni ya Mombasa Road haimjali mwenye tiketi ya saa tisa.

Ndani, behewa la daraja la kawaida lina viti 118: vitatu upande mmoja, viwili upande wa pili, vikitazamana, na migongo hailali. Magoti ya watu wazima wanne au sita yanakutana katikati, kwa hiyo mzee mwenye miguu mibovu mkatie daraja la kwanza, lenye viti 72 tu kwa behewa. Hapo tofauti ya bei ina maana. Kijana anayekwenda kusalimia na kurudi, asipoteze pesa. Madirisha hayafunguki na kiyoyozi kinafanya kazi kwelikweli. Leso au shuka jepesi ni lazima, hasa usiku. Chakula kinauzwa, lakini chapati zako za nyumbani zitakufaa zaidi.

Miritini ukishuka, umati wote unatoka mara moja. Matatu za mjini husubiri nje. Tuktuk na teksi nazo zipo, na bei mnapatana kabla ya kupakia mzigo. Barabara ya kuingia kisiwani inapita Changamwe na Makupa pamoja na malori ya bandarini, na jioni unaweza kukaa hapo muda mrefu kuliko ulivyotarajia. Kwa Mji wa Kale, shuka Posta kwenye Barabara ya Digo, kisha chukua tuktuk hadi Ndia Kuu, Kibokoni au karibu na Fort Jesus. Baada ya hapo ni miguu, kwa sababu vichochoro vingine havipitishi hata tuktuk. Begi la mgongoni au la kuning'iniza begani linakwenda vizuri kuliko sanduku kubwa. Kuuliza nyumba, taja ukoo na msikiti ulio karibu, mfano Msikiti wa Mandhry. Utapelekwa hadi mlangoni.

Jamaa wakiwa Likoni, Ukunda au Msambweni, usiingie kisiwani kabisa. Barabara ya Dongo Kundu inaanzia upande huo huo wa Miritini na kuvuka kwa madaraja hadi pwani ya kusini, bila kungoja feri. Uliza teksi bei ya Dongo Kundu waziwazi, maana wengine wana mazoea ya kupita feri ya Likoni na kukuacha kwenye foleni ya magari. Kama huna mzigo na tayari uko mjini, feri kwa mtembea kwa miguu ni bure.

Kurudi ndiko kunakohitaji hesabu kali. Kwa treni ya saa tisa, toka Mji wa Kale kabla ya saa sita na nusu. Siku ya Ijumaa hilo linagongana na sala, na mwenyeji hatakuelewa ukiaga muda huo. Kata ya saa nne usiku, mle pamoja, mpumzike. Zawadi za kurudi nazo zipangwe: mabuyu, kachiri, halua na achari havina shida, ila achari ifunike kwa nailoni chini ya mfuniko kisha ifunge kwa mfuko wa pili, kwa sababu mafuta yake yanapenya. Samaki mbichi mwenye barafu usimbebe. Barafu ikiyeyuka maji yanawatiririkia walio chini ya mzigo wako. Mkaange mkavu asubuhi ya safari, apoe kabisa, mfunge kwa karatasi kabla ya mfuko, na umweke juu ya begi ili langoni akionekana usilazimike kupakua nguo zote.