Filta yangu ya safari: kaskazini naisifu, Naivasha naiacha nyumbani

Tuna HiAce kuukuu ambayo fundi wa Kariobangi alitung'olea viti vya nyuma, akatuwekea kitanda, meko na tangi la maji la lita 60. Tukitoka Nairobi tangi tunalijaza maji ya mfereji, hayana neno. Shida huanza siku ya tatu, mnapojaza popote mtakapoyapata. Zamani tulichemsha. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukatuishia Marsabit kabla hata ugali haujasongwa, na mke wangu akasema basi.

Nikanunua filta ya nyuzi, ile ya matundu ya maikroni 0.1, kwa shilingi 5,500. Unatundika mfuko wa maji machafu kwenye mlango wa gari, maji yanashuka yenyewe kwa mpira hadi kwenye filta, haitaki umeme. Bakteria hawapiti, wala amiba. Virusi ni vidogo zaidi, vinaweza kupenya, kwa hiyo maji nisiyoyaamini nikishayachuja nayatia dawa ya klorini na kungoja nusu saa.

Kilichoipa jasho ni Ewaso Ng'iro, pale Archers Post. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu na mto una rangi ya chai ya maziwa. Lita nne tu, filta ikaanza kudondosha tone moja moja. Nikaisukumia maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano iliyokuja nayo, ikafunguka, ikaziba tena. Mama mmoja aliyekuja kuteka maji alituangalia, akacheka. "Kijana, chimba hapo mchangani, kando ya mto. Mchanga utakuchujia kwanza." Tukachimba hadi kiwiko, maji yakajikusanya taratibu, meupe kuliko ya mtoni. Filta haikuziba tena safari nzima. Pasipo na mchanga huwa tunayaacha yatuame usiku kucha kwenye ndoo, asubuhi tunayapitisha kwenye leso iliyokunjwa mara nne.

Lawama yangu ni kwa aliyeniuzia, si kwa filta. "Bosi, hii inatoa kila kitu, hadi chumvi." Uongo mtupu. Maji ya kisima tuliyochota karibu na Naivasha yaliingia na chumvi yake na yakatoka nayo, ingawa yaling'aa kama kioo. Chumvi si kitu, utakunywa ukunje uso. Floridi, madini yanayotia meno ukahawia yakizidi, ndiyo inayonitisha, maana haina rangi wala harufu, imeyeyuka ndani ya maji na matundu hayo haiyajali. Mimi nimelelewa Nakuru, ukiniona nacheka utaelewa: meno ya kahawia tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, maji yanapungua na floridi inabaki palepale. Kwetu wapo wanaoitoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini huo ni mtambo wa kukaa nyumbani. Binti yetu ana miaka minne, meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi. Sitajaribu bahati.

Kwa hiyo tukielekea Isiolo na kuendelea, filta ndiyo ya kwanza kupakiwa. Tukielekea Naivasha inabaki kabatini, na chini ya kitanda kunakaa jerikeni tatu za maji ya Nairobi.