Modemu ya Huawei E3372h kwenye Linux: nyepesi kuwasha, ngumu kuitawala

Anayetafuta modemu ya USB ya kutumia kwenye Linux aitazame vizuri herufi ya mwisho ya jina kabla ya kulipa, kwa sababu E3372 hupatikana kwa namna mbili: E3372s, ambayo kompyuta huiona kama modemu halisi na kuiamrisha yenyewe, na E3372h ninayoizungumzia hapa, ambayo kwa hakika ni ruta ndogo iliyovalishwa umbo la flashi. Zote ni za 4G, na kasi yao ya juu ya kupakua, kwa mujibu wa mtengenezaji, ni megabiti 150 kwa sekunde.

Ukiichomeka, kwanza hujitambulisha kama diski ya CD yenye programu za Windows, na amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa, huonyesha namba 12d1:1f01. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, ilhali kinachotakiwa ni usb_modeswitch tu, programu inayoipelekea modemu ujumbe mfupi wa kuiacha sura hiyo ya diski. Ukirudia lsusb baada ya hapo utakuta 12d1:14dc, na mfumo utaichukulia modemu kama kebo ya kawaida ya mtandao, kwani draiva yake, cdc_ether, imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Hakuna mambo ya kupigisha modemu simu ili iunge mtandao: hakuna kupiga *99#, hakuna programu ya wvdial, wala hakuna kuhangaika na faili ya kifaa ya /dev/ttyUSB0. PIN ya laini na APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) huwekwa kwa kivinjari kwenye anwani ya 192.168.8.1, ambako pia husomwa SMS.

Urahisi huo una gharama yake. NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia miunganisho ya mtandao, huonyesha kebo imeunganishwa hata pale laini inapokuwa imeishiwa bando, kwa kuwa hali halisi ya mtandao inajulikana ndani ya modemu peke yake. Anayetaka kuifikia kompyuta yake kutoka nje naye hukutana na NAT ya modemu, yaani ubadilishaji wa anwani unaoificha kompyuta nyuma ya modemu, juu ya ile ambayo kampuni za simu huwa nayo mara nyingi. Kuchomeka mbili kwa pamoja ndiyo balaa zaidi, maana zote huja na anwani ileile ya 192.168.8.1.

Kwa seva iliyo mbali, isiyo na mtu wa kuiangalia, ningechagua E3372s pamoja na ModemManager, programu ya Linux ya kuendesha modemu, ili amri yake ya mmcli inieleze nguvu ya mawimbi na sababu ya kukatika, japo kuisanidi huchukua muda zaidi. Kwa kompyuta ya mapajani E3372h inatosha kabisa, ila ni afadhali iunganishwe kwa waya mfupi wa USB, kwa kuwa upana wa modemu huweza kuziba tundu la jirani.